Sikio ya Kushoto ya Profesa Murhula

Mutu anayesikia kifo chake mu radio, saa moja ya asubuhi, kikombe cha chai mukononi, iko na haki ya kukaa kimya siku mbili. Mimi nilikaa kimya siku tatu. Walisema: Profesa Polycarpe Murhula, mutoto wa Bukavu, mwanasayansi mukubwa wa mambo ya nikleari, yule aliyepata medali kule Ulaya na kuletea inchi nzima heshima, amefariki katika usingizi, kule kule Ulaya. Kisha wakapiga wimbo, kisha tangazo ya sabuni. Nilizima radio. Nilikaa mu kiti changu, mu nyumba niliyojenga na mikono yangu, vyumba saba, kila ubao nimeuranda mwenyewe, na nikafikiri: sasa hakuna mutu hata mumoja chini ya jua anayejua mimi naitwa nani. Wote wananiita Papa Gervais. Depo yangu ya mbao iko na jina la Gervais mulangoni, kwa rangi nyekundu. Marehemu muke wangu aliapa mbele ya altari kwamba anamupokea Gervais Cikuru, na alikufa miaka sita iliyopita akiamini hivyo. Watoto wangu ni ba Cikuru, wajukuu ni ba Cikuru. Lakini mimi nilibatizwa Polycarpe Murhula. Na yule waliyemutangaza mu radio, yeye ndiye aliyebatizwa Gervais Cikuru. Tulikuwa wawili wa kujua hayo. Sasa ninajua peke yangu, na kitu unachokijua peke yako kinafanana na wazimu.

Nitaandika mwaka mumoja tu. Mambo ya nani alizaa nani, wengine watayaandika, juu mimi shule nilikaa miaka mitatu, na nusu ya hiyo mitatu nilikuwa nje, nimefukuzwa. Kile ninachojua nilikijua kwa kubeba mbao kichwani, na sioni haya. Wenye diplome wanakuja kwangu kutafuta mbao za paa na wananiita patron. Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi na tisa, nakaa Kadutu, mutaa mumoja wa Bukavu, nyuma ya nyumba ya Maman Nsimire aliyekuwa anauzisha kasiksi, ile pombe ya ndizi. Chumba changu kilikuwa hatua ine kwa tatu. Ukuta mumoja ulikuwa wa udongo, zile zingine tatu zilikuwa mbao za maganda, zile wapasuaji wanazotupa, nilizipigilia mwenyewe. Kati ya ubao na ubao kidole kilikuwa kinapita, na pale palipopita kidole palipita vilevile maneno yote ya parseli, ule uwanja wetu wa nyumba nyingi: nani amelewa, nani amefukuzwa na muke wake, nani anakohoa damu na anasema ni vumbi. Watu walikuwa kushoto na kuume, juu yangu ku mulima na chini yangu, wanapika, wanazaa, wanatukanana. Hakuna aliyekuwa ananiuliza kama nimekula. Hata jina langu hakuna aliyelijua. Maman Nsimire alikuwa anawaita watu kwa kazi yao, na mimi alikuwa ananiita Mbao, na Kadutu nzima ikanyamaza hapo. Mutu anaweza kuwa peke yake ndani ya Kadutu kuliko ndani ya pori. Pori angalau halikucheki.

Yeye, Cikuru, alishuka ku kamyo, ile lori ya Nyangezi, mwezi wa nane, sanduku ya mbao ku bega, murefu, mwembamba kama mupini wa jembe, akaingia kwa Maman Nsimire kuomba maji. Nilikuwa nakula pale mulangoni. Maman alimutazama toka miguu mpaka kichwa.

"Weye unafanyaka nini?"

"Ninasoma, maman."

"Basi weye uko Kalamu. Mbao! Chumba yako iko na pumzi ya mutu mumoja. Inaweza beba ya babili."

"Maman, godoro iko moja."

"Mulale sasa kama samaki sambaza mu sinia. Kwani muko bakubwa namna gani?"

Hivyo ndivyo mutu aliyekuja kupata medali alivyoingia mu maisha yangu, kwa amri ya muuza kasiksi. Aliweka sanduku yake chini, akafungua: vitabu vitatu, shati moja, na barua ya padri muzee wa Nyangezi kwa koleji ya Bukavu. Yule padri, miaka yote aliyokaa kwetu, hakujua kuandika majina ya sisi Bashi bila kuyavunja, basi aliandika tu: mwenye kubeba barua hii ni mwanafunzi niliyemungojea maisha yangu yote. Jina, hapana. Kumbuka hilo. Kisha kijana akanigeukia, akaniuliza maneno mawili yaliyonishitua kama mutu aliyenipiga. La kwanza: "Umekula?" La pili: "Weye unaitwa nani? Mbao si jina." Nilimwambia Polycarpe Murhula, na sauti yangu ilitoka vibaya, kama mulango usiofunguliwa siku nyingi.

Tulikaa wiki tatu hivyo. Asubuhi mimi nilikwenda kwa wapasuaji wa mbao, yeye alikwenda kuzunguka koleji akingoja ifunguliwe. Jioni tulikula bugali na sombe ya majani ya muhogo mu sahani moja, na ninajua sasa, kwa umri huu, kwamba zile wiki tatu zilinifundisha kuogopa. Mbele ya yeye kuja nilikuwa sina kitu cha kupoteza, kwa hiyo nilikuwa nalala vizuri. Siku moja alirudi saa sita mchana, akakaa juu ya sanduku yake, hakuvua hata viatu.

"Banasema nimezeeka."

"Nani anasema?"

"Koleji. Classe ya mwisho, miaka makumi mbili, haipite hapo. Miye niko na vingt-trois, makumi mbili na tatu." Alikuwa amechunga ng'ombe za watu mpaka amekuwa mukubwa, ndipo akapelekwa shule, juu ng'ombe hazijui kalendari.

"Sema uko na makumi mbili."

"Banaomba karte ya ubatizo, Murhula. Karte haiongopi. Kesho mi napanda kamyo, narudia Nyangezi."

Nilikuwa na mukebe wa maziwa uliotundikwa ku musumari, na ndani ya mukebe karatasi moja ya rangi ya udongo iliyokunjwa mara ine. Sikujua kusoma kilichoandikwa, ile shule yangu haikufika hapo. Nilijua tu kwamba ni karte yangu ya ubatizo, na kwamba bila hiyo padri haozeshi mutu wala haziki. Nilishusha mukebe, nikamupa.

"Hii iko ya nani?"

"Ilikuwa yangu. Weye uko Murhula, miaka kumi na tisa. Enda."

"Jina si shati, ee!"

"Shati niko nayo moja, siwezi kukupa. Jina silivaake ku kazi."

Alitoa karte yake mwenyewe kutoka ndani ya kitabu, akaiweka mu mukebe wangu, akautundika tena ku musumari. "Mutu hawezi kaa bila jina," alisema. "Ukikufa leo padri atakuita nani?"

Watu wakisikia habari hii watasema nilikuwa mukarimu. Hapana. Niko muzee sasa na sipendi sifa nisizozifanyia kazi. Nilimupa jina langu kwa sababu kamyo ya Nyangezi ilikuwa inaondoka asubuhi, na mimi sikutaka kurudia kula peke yangu. Ni hilo tu. Nilinunua mwaka mumoja wa sahani moja na mutu mwingine, na sikuuliza nitabaki na nini nyuma ya huo mwaka.

Siku ya kuingia nilimubebea sanduku mpaka mu kiwanja cha koleji. Nilikuwa bila viatu, vumbi ya mbao mu nywele, wana wa ba-évolué, wale weusi waliosoma na kuishi kizungu, wanatutazama. Prefe wa masomo alikuwa padri mufupi mwenye fimbo ya kuonyesha ku tablo. Alisimama ku ngazi, akaanza kuita majina.

"Murhula Polycarpe!"

Cikuru alikuwa anatazama ndege juu ya muti, anangoja aitwe Cikuru.

"Murhula Polycarpe!"

"Présent!"

Ni mimi niliyeitika, kwa kifaransa ya shule. Mudomo ulitangulia kichwa. Kiwanja chote kilinigeukia, na prefe akashuka ngazi polepole, fimbo mukononi.

"Ni weye unakuja kusoma?"

"Apana, mon père. Mi nabeba sanduku."

"Sasa juu ya nini unaitika?"

Nilitazama mbingu, haikunisaidia. "Juu ya kaka yangu huyu, mon père. Hasikie muzuri. Sikio ya kushoto ilikufaka zamani. Mi ndiye ninamuitikiaka."

Prefe alikwenda akasimama upande wa kushoto wa Cikuru, akapiga makofi kwa nguvu, pa! karibu na sikio. Cikuru, Mungu amulaze pema, hata kope haikutikisika. Aliendelea kutazama ndege yake. Prefe alitikisa kichwa kwa huruma. Alipouliza bulletins za Nyangezi, zile karatasi za maksi zenye jina lake la kweli, Cikuru alisema ziliozea mu mvua njiani. Prefe akamusukuma ku tablo, akamuandikia hesabu ndefu, na ile hesabu ilikwisha mbele ya chaki. Hakuulizwa tena kitu. "Banc ya kwanza," prefe alisema, "upande wa ukuta, ili sikio nzima ielekee mwalimu."

Tulipopishana ku mulango alininong'oneza: "Umeniua sikio, weye mujinga!"

"Nimekuokoa."

"Mwaka muzima niwe kiziwi?"

"Mwaka muzima, ndoyi."

Ndoyi ni mutu mwenye jina moja na weye. Toka siku ile tuliitana hivyo, maana majina mengine yalikuwa yametuchanganya. Na ilibaki kazi ya kumufundisha. Kila siku ya Mungu, Jumapili, nyuma ya misa, tulishuka kufua nguo ku muto Kawa. Yeye aliinama na sabuni, mimi nilisimama nyuma yake na vijiwe mu mufuko. Nikiita "Murhula!" lazima ageuke. Nikiita "Cikuru!" na akageuka, jiwe mugongoni. Nikiita kutoka kushoto kwa sauti ndogo na akageuka, jiwe mbili. Wamama waliokuwa wanafua walicheka mpaka wanaacha nguo kwenda na maji. "Ule mutoto amefanya nini juu apigwe hivyo kila dimanche?" mumoja aliniuliza, na mimi nikajibu, "Anajifunza katekismu." Siku ya kwanza nilimaliza majiwe yote. Kufikia Noeli nilikuwa narudi nyumbani na mifuko imejaa. Hakuna aliyenifundisha mimi. Nilikuwa naitwa Mbao, na Mbao haina sikio.

Ile ndiyo ilikuwa siku yetu ya avoka vilevile. Tulikata moja kubwa, nusu yake, nusu yangu, chumvi kidogo na bugali ya jana iliyochomwa. Yeye alikuwa hatupi mbegu. Aliipangusa vizuri, akaishika kati ya vidole viwili. "Unaona hii? Kwa kifaransa iko noyau. Na kile kidogo kabisa kinachofanya vitu vyote, ubao, maji, weye, nacho kiko na noyau yake katikati. Mu buku ya padri banasema uzito wote uko pale."

"Na nyama ya avoka?"

"Hapo sasa. Avoka iko na nyama. Kile hakina nyama. Kama noyau ingekuwa hii, ganda ingekuwa mbali, mbali sana, pengine kule Nyangezi."

"Na hapa katikati kuko nini?"

"Hakuna."

"Hakuna namna gani? Hewa?"

"Hata hewa. Hakuna."

Nilimwambia buku yake inaongopa, juu mimi ninabeba mbao kila siku na shingo yangu inajua kama ubao umejaa ama uko utupu. Alicheka, aliweka mbegu ku rafu juu ya mulango. Lakini yale maneno yaliniingia vibaya. Upande wa pili wa ukuta walevi walikuwa wanagombana juu ya wazungu waliokanyaga mwezi. "Uongo!" mumoja alikuwa analalamika. "Shi ungeanguka? Mutu mukubwa na mabuti!" Mwingine: "Haukuanguka juu walikuwa babili tu. Wangekuwa batatu ungekuja chini." Cikuru alijifunika shuka mu kinywa asicheke. Na mimi nilikuwa nawaza: kila kitu kiko hivyo, basi. Kitu kizito kimoja kimekaa katikati, kingine kinazunguka mbali, na hapa kati hakuna. Leo kila asubuhi ninapoketi ku meza ya watu nane na kikombe kimoja, ninaona yule mutoto wa Nyangezi alisema kweli.

Alinifundisha kusoma mwaka ule. Aliandika na kalamu ya fundi juu ya mbao za ukuta, ili niweze kusoma nikilala. Na kwa sababu alikuwa mutu wa kupanga mambo, alianza na jina nililokuwa nalo mu mukebe: G, E, R, V. Jina la kwanza nililojua kuandika duniani lilikuwa lake. Langu halikuandikwa ukutani. Lilikuwa koleji, ndani ya biro ya prefe, na sikupata kuliona.

Mwezi wa saba matokeo ya mutihani yalitoka, na Murhula Polycarpe alikuwa mbele ya wote. Wakampa burse, pesa ya masomo, ya kwenda Kinshasa na toka pale Ulaya, kusoma ile ile noyau. Maman Nsimire alitoa kibuyu kizima bure, kitu hakijaonekana. "Kalamu yetu imeandika!" alikuwa anapiga kelele. "Mbao, kunywa, usikae hapo kama mufiwa!" Nilikunywa. Tulikuwa tumesahau wote wawili, ama tulijifanya kusahau, kwamba mutu anayesoma vizuri haachwi Kadutu. Jioni ile alikaa ku godoro, akashusha mukebe.

"Ndoyi, tungeweza sema kweli sasa. Kwa prefe. Pengine atasamehe."

"Na burse?"

Alikuwa mutu wa hesabu, alijua jibu.

"Acha mukebe yangu," nilimwambia.

Tulipanda kamyo mpaka Kavumu, ku kiwanja cha ndege. Mapadri walikuwa wamemuazima koti ya muzungu, mikono imefikia viwiko. Prefe mwenyewe alimusindikiza, akizungumza upande wake wa kuume. Mimi nilibaki nyuma ya fensi na wauza ndizi na wamama wenye vikapu vya avoka. Aliniaga kwa mukono tu, juu prefe alikuwa pale. Mutu halilie mubeba sanduku. Kisha akaenda, anatembea ndani ya yale majani mafupi, mugongo ule niliokuwa naupiga majiwe. Na mimi nilishikwa na kitu. Nilitaka niitwe, ama niite, sijui. Nilipiga kelele na nguvu yote ya kifua changu:

"Cikuru!"

Wauza ndizi waligeuka. Mama mumoja mwenye mutoto mugongoni aligeuka. Hata prefe aligeuka kuona ni nani anayepiga makelele. Yeye hakugeuka. Hata bega halikutikisika. Alipanda ngazi ya ndege, akainama, akaingia.

Nilikuwa nimemufundisha vizuri.

Niliporudi Kadutu jioni, ku rafu juu ya mulango kulikuwa mbegu za avoka zimepangwa, zimekauka, nyeusi. Nilizihesabu halafu nikaacha. Sikuwahi kumwambia mutu, hata muke wangu, na ninajua sasa nilimukosea. Nilikuwa Gervais juu ya Gervais ndiye aliyekuwa mu mukebe. Serikali ilipokuja kukataza majina ya Kikristo, watu walilia mu misa. Mimi nilikuwa nimeshazoea. Nilipasua mbao, nikauzisha, nikapata wapasuaji wangu, nikapata depo, yote bila kuomba mutu. Yeye alikuwa ananiandikia. Juu ya bahasha: Gervais Cikuru. Mwishoni: wako, Murhula. Zile barua zilikuwa kama mimi ninajiandikia mwenyewe kutoka inchi nisiyoijua, nikijieleza maisha ambayo sikuishi: theluji, mashine kubwa chini ya ardhi yenye ukuta wa saruji nene kuliko nyumba, wanafunzi wa rangi zote. Alitumia miaka kumi na mumoja ku kitu kimoja, kupima noyau ya namna fulani inakaa muda gani mbele ya kuvunjika. Miaka kumi na mumoja anangoja kitu kisichoonekana kivunjike. Kwa hiyo walimupa medali. Nilisikia mu radio kwa muuza kasiksi mwingine, Maman Nsimire alikuwa amekufa, na walevi walipiga meza: "Murhula! Murhula!" Mimi nilikuwa pale ku kona na glasi yangu. Barua zilipungua, kisha zikaisha. Si kosa. Mutu anachoka kujiandikia.

Alirudi Bukavu mara moja tu, kutoa mafundisho ku université moja. Nilivaa koti, nikakaa nyuma kabisa. Kijana wa protokole alisoma maisha yake ku mikro: alizaliwa kijiji fulani, mwana wa fulani na fulani. Ilikuwa kijiji changu. Ilikuwa baba yangu na mama yangu, majina yao ndani ya mikro, na watu mia wakapiga makofi. Kisha yule kijana akainama kumunong'oneza profesa, na niliona anazunguka kwanza kwenda upande wa kuume, na mutu wa karibu yangu akaeleza muke wake, "Sikio ya kushoto haisikie, tangu utoto." Nilicheka peke yangu mpaka wakanitazama. Alikuwa ameibeba miaka yote ile! Nyuma ya mafundisho nilijisukuma mpaka mbele. Nywele zake zilikuwa nyeupe. Alinishika mikono miwili, protokole wakasimama kutuzunguka kama fensi.

"Cikuru," alisema. "Uko muzima?"

"Murhula. Umezeeka."

"Ee. Na weye."

"Ile noyau yako, umejua sasa itavunjika lini?"

Alitabasamu. "Zikiwa nyingi, najua. Najua nusu itaenda saa gani. Lakini moja peke yake, hapana. Moja inaweza vunjika leo, inaweza ngoja miaka elfu. Moja peke yake haikuambie kitu." Kisha akanikaribia, akasema chini sana, kwa Swahili yetu ya parseli: "Ndoyi. Nikurudishie?"

Nilisikia vizuri sana. Lakini watu walikuwa wengi, na mimi niko mutu wa kiburi, sikutaka kupewa kitu changu mbele ya watoto wa protokole kama sadaka. Nilionyesha sikio yangu ya kushoto kwa kidole, nikatikisa kichwa: haisikie. Macho yake yalijaa maji. Aliingizwa mu gari. Hayo ndiyo maneno ya mwisho tuliyoambiana, na mimi ndiye niliyejifanya kiziwi. Nimejenga nyumba nyingi, nimeuzisha mbao za makanisa matatu, lakini ile dakika siwezi kuiranda.

Wiki mbili baada ya tangazo ya radio, mwanamuke mumoja alifika ku depo, miwani, koti nyeusi, wapasuaji wakaacha musumeno kumutazama. Alisema anaitwa Nabintu, mutoto wa marehemu Profesa Murhula, amekuja juu ya misa ya kumukumbuka. Alizaliwa Ulaya, lakini Swahili yake ilinishangaza: ilikuwa ya Kadutu ya zamani, ya walevi wa ukutani, mutu hasemi tena hivyo. Baba yake alikuwa amemufundisha ile aliyokuwa nayo.

"Tonton Gervais, shi ni weye Mbao?"

Nilimwambia akae. Nilimukatia avoka, juu sikuwa na kitu kingine.

"Papa alikuwa anasemaka jina yako mwishoni," alisema. "Ata pale masikio yote ilikuwa imekufa, ile nzuri nayo."

"Kushoto haikukufa," nilisema.

"Nini?"

"Hakuna, mutoto wangu. Kula."

Aliniambia kesho anataka kuona kaburi ya nyanya wake, mama ya baba yake, aweke maua. Na mimi ndiye muzee wa pekee anayeweza kumuonyesha. Hapo nilielewa kwamba siwezi tena kujifanya kiziwi. Kuna makaburi mawili. Nikimupeleka kwa ile iliyoandikwa mu maisha ya profesa, atalia juu ya mama yangu, mama asiyemujua. Nikimupeleka Nyangezi, ambako mama ya Cikuru amelala chini ya musalaba wa muti nilioutengeneza mimi na ambao hakuna mutoto wake aliyeuona, lazima nifungue kinywa. Na nikifungua, huyu binti atarudi Ulaya na baba mwenye jina la kuazima juu ya medali yake. Nilikaa naranda ubao usiohitaji kurandwa. Yeye alipangusa mbegu ya avoka kwa kitambaa, hakuitupa, akaiweka mbele yake ku meza. Halafu akafungua mufuko.

"Kuko kitu. Alisema nikupe mukono kwa mukono, nisitume posta. Alisema: umurudishie ndoyi. Sijue maana."

Ilikuwa karatasi ya rangi ya udongo, imekunjwa mara ine, na mikunjo imeshapasuka, imegandishwa na skoti, ule utepe wa gundi. Niliishika. Sikuwa nimeiona tangu mukebe. Wakati ule sikujua kusoma, na sasa ninajua kusoma lakini macho yalikuwa yamekataa.

"Soma weye," nilimwambia.

Aliinyoosha chini ya mwangaza wa mulango. Vumbi ya mbao ilikuwa inashuka polepole. Alisoma kwa sauti, kama ilivyoandikwa, jina la ukoo mbele, kama prefe ku ngazi:

"Murhula Polycarpe."

Nilikuwa nimeshasimama mbele ya kujua kama nasimama.

"Présent," nikasema.